Puli ya krenki: kuingia si kufaa

Ndugu msomaji, leo tuzungumze juu ya kitu ambacho wenye magari wengi hawakijui hata kwa jina, mpaka siku ile fundi atokapo chini ya gari, ajifute mikono na kusema, "Mzee, puli ya krenki imekwisha." Hapo ndipo mtu hushika kichwa. Akienda duka la spea ataonyeshwa puli tatu: moja iliyotumika, moja mpya ya bei ndogo, na moja mpya ya bei kubwa. Zote ni za mviringo, na muuzaji ataapa kwamba zote zinaingia. Je, achukue ipi?

Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Lakini katika jambo hili asiyechagua ndiye apataye koroma. Basi na tuijue kwanza kazi ya kitu chenyewe, ndipo tujue kukichagua.

Krenki ni ule mtaimbo uliopindapinda ndani ya injini, upokeao nguvu za pistoni na kuzigeuza ziwe mzunguko. Kwa nyuma nguvu hizo huenda kwenye gia na magurudumu. Kwa mbele hufungwa puli, nayo huvuta mkanda. Mkanda huzungusha alteneta inayochaji betri, na katika magari mengi huzungusha pia pampu ya maji, pampu ya usukani na kiyoyozi. Chukua mfano wa injini ya Toyota 1NZ-FE, iliyomo katika Probox na IST nyingi tunazoziona barabarani. Mnyororo wake wa taimingi umo ndani, lakini pampu ya maji huzungushwa na mkanda wa nje. Mkanda ukitoka, maji hayazunguki tena, na baada ya muda mfupi injini huchemka. Fikiri jambo hilo likukute katika mpando wa Kitonga usiku, na watoto wamelala kiti cha nyuma.

Wengi hudhani kwamba kazi ya puli huishia hapo kwenye mkanda. Sivyo. Itazame vizuri, nawe utaona kwamba katika injini nyingi puli si chuma kimoja. Katikati kuna kitovu kinachokaa juu ya krenki. Nje kuna pete nzito yenye mifereji ya mkanda. Na kati ya kitovu na pete kuna ukanda mwembamba wa mpira. Mpira huo haukuwekwa kwa urembo.

Injini ya kawaida ya silinda nne huwasha mafuta mara mbili katika kila mzunguko mmoja wa krenki. Ikizunguka mara 3000 kwa dakika, hayo ni mapigo 100 kila sekunde. Kila pigo huisokota krenki kidogo sana, kama mtu akamuavyo nguo, kisha krenki hurudi ilivyokuwa. Jicho haliwezi kuliona jambo hilo. Lakini kumbuka mtoto kwenye bembea: ukimsukuma kidogo tu, ila kila mara kwa wakati wake, bembea hupanda juu. Ndivyo ilivyo kwa krenki. Kuna mwendo fulani wa injini ambapo mapigo hulingana na mtikisiko wa chuma chenyewe, na hapo msokoto hukua. Chuma kinachosokotwa hivyo siku nyingi huchoka, na kikichoka hukatika. Basi ile pete nzito hukataa kufuata mtikisiko. Mpira huvutika huku na huku, na kuugeuza mtikisiko kuwa joto. Jambo hili lilijulikana tangu magari yalipokuwa machanga. Mwaka 1910 mhandisi Mwingereza, Frederick Lanchester, aliandikisha chombo chake cha kutuliza msokoto wa krenki, kwa kuwa krenki ndefu za injini za silinda sita za siku zile zilikuwa zikitaabisha sana.

Sasa, utajuaje kwamba puli yako imechoka? Mpira huharibiwa na joto, umri na oili. Ukiona umepasuka au unachungulia nje, ukiona pete inayumba injini inapounguruma taratibu, au mkanda unakula upande mmoja, tia shaka. Njia moja rahisi ni hii: injini ikiwa imezimwa na kupoa, piga mstari mmoja wa rangi nyeupe kutoka kitovuni, juu ya mpira, hadi kwenye pete. Tumia gari wiki moja, kisha utazame. Mstari ukiwa umekatika, nusu hapa na nusu pale, mpira umeachia na pete inateleza. Puli ya namna hiyo humdanganya hata fundi, maana alama ya taimingi iliyochorwa kwenye pete imehama mahali pake.

Ukienda kununua, nenda na puli ya zamani mkononi na namba ya injini kwenye karatasi. Jina la gari peke yake halitoshi. Hesabu mifereji ya mkanda. Pima upana wa duara. Ziweke puli mbili juu ya meza na kulinganisha kina, maana ikizidi au kupungua milimita chache mkanda utakwenda upande na kuliwa. Tazama mahali pa ufunguo wa krenki na alama za taimingi. Pitisha kidole pale sili ya oili inapogusa. Ukisikia mfereji uliochimbika, oili itavuja. Mwisho, omba mizani. Puli mpya iliyo nyepesi sana kuliko ile ya zamani haina pete ya kutuliza, hata kama imepakwa rangi ya kupendeza.

Juu ya puli iliyotumika, kumbuka kwamba unanunua mpira uliokwisha kupikwa katika gari la mtu mwingine kwa miaka usiyoijua. Chuma kinaweza kuwa kizima na mpira umekufa. Kama fedha ni chache, mpya ya mtengenezaji anayejulikana ni afadhali, ijapokuwa haina jina la kiwanda cha gari.

Vijana nao hupenda puli ndogo za aluminiamu, wakiambiwa kwamba zinaongeza nguvu. Ni kweli kwamba injini hupunguziwa mzigo kidogo. Lakini hebu tupige hesabu. Puli ya milimita 150 ikivuta alteneta yenye puli ya milimita 60, injini ikiunguruma mara 700 kwa dakika, alteneta huzunguka mara 1750. Weka puli ya milimita 125, nayo itazunguka mara 1458 tu. Katika foleni ya mjini, taa zikiwaka na kiyoyozi kikifanya kazi, betri haitashiba. Na kama puli hiyo ni ya chuma kitupu, mpira umeondolewa pia. Gari la mashindano hufunguliwa injini mara kwa mara. Gari la kupeleka watoto shule hutakiwa kudumu. Hata hivyo tusihukumu bila kupima: Volkswagen ya mgongo wa kobe ilitoka kiwandani na puli isiyo na mpira, kwa sababu krenki yake ni fupi. Kanuni ni kurudisha kile alichokiweka mtengenezaji.

Kwamba kuingia si kufaa, mfano mzuri unatoka Marekani. Chevrolet ilikuwa na injini mbili za silinda nane za ukoo mmoja, moja ya inchi za ujazo 350 na nyingine ya 400. Kituliza-msokoto cha hii huingia katika krenki ya ile bila taabu. Lakini kile cha 400 kimetengenezwa kizito upande mmoja makusudi, ili kusawazisha krenki yake. Ukikifunga kwenye 350 ya kawaida, injini hutetemeka na beringi huumia. Boliti imekubali, injini imekataa.

Neno la mwisho ni juu ya kufunga. Puli hutolewa kwa pula, haitolewi kwa nyundo. Tena hairudishwi kwa nyundo, maana kila pigo huumiza mpira mpya na beringi zinazozuia krenki isisogee mbele na nyuma. Boliti ya mbele ikazwe kwa spana ya kupimia, kwa kipimo cha kitabu cha injini ile. Ikilegea, puli itacheza, itakula ufunguo wake, kisha itakula ncha ya krenki yenyewe. Hapo hutanunua puli tena, bali utatafuta krenki nzima na kulipa fundi wa kuishusha injini. Mwambie pia abadilishe sili ya oili na kuutazama mkanda, kwa kuwa njia imekwisha funguliwa.

Fundi mwema hachukii kuulizwa maswali haya. Simama karibu naye, hesabu mifereji pamoja naye, na kabla hajafunga boneti mwombe akupigie mstari mweupe juu ya puli mpya. Mwezi ujao utautazama mwenyewe.