Mizani ya Dhahabu Ikaguliwe Mpaka Ndani ya Programu Yake

Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia mchanga wa madini, ule uliojulikana kwa jina la makinikia, usisafirishwe tena kwenda nje, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Kamati ya wataalamu chini ya Profesa Abdulkarim Mruma ikateuliwa kuyafungua na kupima kilichomo. Mabishano juu ya tarakimu za kamati ile yalikuwa makali, na mwisho wake yakapelekwa kwenye meza ya mazungumzo. Hata hivyo, umma ulijifunza jambo moja lisilosahaulika: mwenye mali ana haki ya kuona kilichomo ndani ya kontena, wala halazimiki kuiamini karatasi iliyobandikwa nje.

Tangu wakati huo biashara ya dhahabu katika ukanda wa Ziwa imebadilika sana. Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa Geita, na masoko mengine yakafuata, yakiwemo ya Kahama na Shinyanga. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, ambaye zamani alimwuzia mlanguzi gizani, sasa huleta dhahabu yake hadharani. Uzito wake husomwa kwenye mizani ya kielektroniki, na usafi wake hupimwa kwa mashine ya mionzi. Tarakimu hizo mbili ndizo ziamuazo mchimbaji ataondoka na kiasi gani mfukoni na taifa litapata mrabaha kiasi gani. Kwa kuwa gramu moja ya dhahabu huuzwa kwa zaidi ya shilingi laki moja, kosa la sehemu ndogo ya gramu, likirudiwa kila siku, si jambo la kuchekewa.

Wakala wa Vipimo hufanya kazi yake kwa mujibu wa sheria. Mkaguzi huweka juu ya mizani jiwe la uzito unaojulikana, husoma kilichoandikwa, na akiridhika huipa mizani hiyo alama ya ukaguzi. Kwa mizani ya zamani, yenye mkono na sahani mbili, ukaguzi huo ulitosha, maana mashine yote ilikuwa wazi mbele ya macho. Mizani ya kielektroniki ni kitu kingine. Ndani yake mna kompyuta ndogo, na kinachotamka uzito ni programu, yaani maagizo yaliyoandikwa na mtu asiyejulikana, katika nchi ya mbali, kwa lugha ambayo mkaguzi hakupewa aisome. Jiwe la kupimia huijaribu programu hiyo mara chache, siku ya ukaguzi. Siku nyingine zote za mwaka programu hutenda kama ilivyoandikwa.

Asidhani mtu kwamba hizi ni hofu za kubuni. Septemba 2015 ilifichuka nchini Marekani kwamba kampuni ya magari ya Volkswagen iliweka katika magari yake ya dizeli programu iliyotambua kuwa gari liko kwenye chumba cha majaribio. Wakati wa majaribio injini ilitoa moshi safi. Likirudi barabarani, gari liliendelea kuchafua hewa. Magari yapatayo milioni 11 duniani yalihusika, na vipimo vya maabara vilikuwa vimeyapitisha kwa miaka mingi. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Bochum cha Ujerumani na wenzao wa San Diego hawakulijaribu gari moja baada ya jingine. Walizikusanya programu zenyewe za injini, 926 kwa hesabu yao, wakazichambua kwa kompyuta bila kuwasha injini hata moja. Katika programu 406 wakaikuta hila iliyokuwa imekwisha kujulikana. Matokeo yao yalitangazwa mwaka 2017, mwaka uleule wa makinikia.

Hila, hata hivyo, ni nusu tu ya habari, na pengine nusu iliyo ndogo. Dosari nyingi zilizomo katika programu ziliandikwa na watu waaminifu waliochoka. Programu za vyombo vidogo vya kielektroniki kwa kawaida huandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, iliyotungwa na Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970 katika maabara za Bell, Marekani. Kiini cha Linux, ambacho ndicho msingi wa vishikwambi walivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022, kimeandikwa karibu chote kwa lugha hiyo. Ni lugha yenye nguvu na wepesi, tena ni lugha isiyomlinda mwandishi wake.

Mwalimu ataelewa upesi kwa mfano wa daftari la mahudhurio. Daftari lina mistari 45, na wanafunzi walioandikishwa ni 60. Mwalimu mwenye akili atasimama kwenye mstari wa 45 na kuomba daftari jingine. Programu ya C, kama mwandishi hakuiagiza ihesabu, haisimami. Itaendelea kuandika majina 15 yaliyobaki juu ya chochote kilichopo baada ya daftari hilo: alama za mitihani, orodha ya mishahara, au agizo la mwalimu mkuu la nini kifanyike baadaye. Hatari kubwa imo hapo. Mtu mwovu akijua kwamba majina yaliyozidi yataangukia juu ya maagizo, ataleta majina ambayo kwa hakika ni maagizo yake mwenyewe, na mashine itamtii yeye.

Udhaifu huo una umri mkubwa. Novemba 1988 programu moja ya mwanafunzi wa Kimarekani iliupitia katika mashine za mtandao wa siku zile na kuzilemea kompyuta kwa maelfu. Aidha, si habari ya wakubwa wa mbali tu. Mei 2019 ilitangazwa kwamba WhatsApp, ambayo ofisi nyingi za halmashauri na shule nyingi zimeigeuza kuwa masijala isiyo rasmi, ilikuwa na ufa wa namna hiyohiyo katika sehemu ya kupiga simu. Mwenye simu hakuhitaji hata kupokea. Watu wapatao 1,400 duniani walilengwa kwa chombo cha upelelezi cha kampuni ya NSO ya Israeli, na miongoni mwao walitajwa Wanyarwanda waishio nje ya nchi yao. Walichoshindwa kukifanya ni nini? Hakuna. Kosa lilikuwamo ndani ya msimbo kabla wao hawajaigusa programu.

Ndipo umuhimu wa kile wanachokiita wataalamu uchambuzi tuli unapoonekana. Maana yake ni kuusoma msimbo wa programu kwa msaada wa programu nyingine, bila kuiendesha ile inayosomwa. Chombo cha kwanza kujulikana sana kwa lugha ya C kiliitwa lint, na kilitungwa na Stephen Johnson katika maabara zilezile za Bell mwishoni mwa miaka ya 1970. Vyombo vya leo vina maarifa zaidi. Hukitia alama kila kitu kitokacho nje, liwe jina lililoandikwa na karani au tarakimu iliyotumwa kwa mtandao, na kukihesabu kuwa kichafu mpaka kithibitishwe. Kisha hukifuata hatua kwa hatua, kama mkaguzi mwaminifu afuatavyo mfuko wa mawe kutoka duarani hadi kwenye karasha, kutoka karasha hadi mwaloni, na kutoka mwaloni hadi sokoni. Popote kitu kichafu kinapofika kwenye daftari lisilohesabiwa mistari, chombo hupiga kengele na kutaja ukurasa na mstari.

Faida yake juu ya majaribio ya kawaida inaweza kuonyeshwa kwa hesabu ya darasani. Programu yenye njia panda 30 tu, kila moja ikiwa na upande wa kulia na wa kushoto, ina safari zaidi ya bilioni moja zinazowezekana. Mtu akijaribu safari moja kila sekunde, usiku na mchana, atatumia zaidi ya miaka 30. Mwovu anahitaji safari moja tu, na kwa kawaida ni ile ambayo hakuna mtu aliyefikiri kuijaribu.

Haifai kuwadanganya wananchi kwamba chombo hiki hakikosei. Alan Turing mwaka 1936, na Henry Rice baada yake, walithibitisha kwa hisabati kwamba haiwezekani kutunga programu itakayotoa jibu sahihi siku zote juu ya mwenendo wa kila programu nyingine. Kwa hiyo kila chombo cha uchambuzi ama hupiga kengele za uongo, ama huyapita baadhi ya makosa, na vingi hufanya yote mawili. Aprili 2014 dunia ilishtuka kusikia kwamba OpenSSL, programu ya C inayolinda mawasiliano ya mabenki na serikali nyingi, ilikuwa na ufa uliopewa jina la Heartbleed, na kwamba ufa huo ulikuwamo tangu toleo la mwaka 2012. Mgeni aliweza kuomba na kupewa hadi kilobaiti 64 za siri za mashine kwa kila ombi. Vyombo vya uchambuzi vilivyosifika havikuwa vimeuona. Baada ya habari kutoka, wataalamu walikiongezea chombo kimojawapo kanuni mpya ya kutambua kitu kitokacho nje, nacho kikauona.

Kengele za uongo ndizo zinazowakatisha tamaa watumishi wengi. Mtaalamu huendesha chombo kwa mara ya kwanza, akapata onyo 800, akasoma 20 za mwanzo na kukuta 18 hazina maana. Akakifunga chombo na kusema hakifai. Mtu kama huyo angepelekwa Geita akakae wiki moja. Huko tani nzima ya mawe hutoa gramu chache tu za dhahabu. Mchimbaji hupasua mwamba, huponda, husaga, huosha, na marudio yake hayatupi, huyatunza ili yapitiwe tena kwa njia nyingine. Hakuna aliyesikika akisema kwamba mgodi haufai kwa sababu mawe ni mengi kuliko dhahabu. Kazi ya kuchambua msimbo ni kazi ya uchenjuaji: onyo hupangwa kwa uzito wake, lile la kitu kichafu kutoka nje husomwa kwanza, lililothibitika kuwa la uongo huandikwa sababu yake ili lisirudi kumsumbua msomaji wa mwakani. Panahitajika mtu mvumilivu anayeijua lugha ya C, na siku za kutosha za kufanya kazi hiyo bila kuitwa kwenye vikao.

Watatokea wasemao kwamba nchi haina uwezo wa vyombo hivyo. Cppcheck, kichambuzi cha Clang na Frama-C ya Wafaransa hupatikana bila malipo, na kompaila ya GCC ina kichambuzi chake tangu toleo la 10 la mwaka 2020. Kompyuta ya mkononi ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma inatosha kuanzia. Watatokea pia wasemao kwamba wauzaji watakataa kuutoa msimbo, kwa hoja kwamba ni siri ya biashara. Hoja hiyo inafahamika sana Kahama na Geita, kwa maana mikataba ya madini nayo iliitwa siri kwa miaka mingi, mpaka sheria za mwaka 2017 zilipolipa Bunge uwezo wa kuipitia. Siri ya muuzaji inaweza kulindwa kwa kusomewa ndani ya chumba kimoja cha Serikali, na watu wachache walioapishwa.

Tena msingi wa jambo hili upo tayari. Shirika la Kimataifa la Upimaji wa Kisheria, katika waraka wake D 31 wa mwaka 2008 juu ya vyombo vya kupimia vinavyoendeshwa kwa programu, limetaja kusoma msimbo na kuifuata njia ya data ya vipimo kuwa miongoni mwa mbinu za ukaguzi. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 nayo imeipa Mamlaka ya Serikali Mtandao wajibu wa kusimamia viwango vya mifumo ya umma. Kinachokosekana ni watu wa Mamlaka hiyo, wa Wakala wa Vipimo na wa Tume ya Madini kuketi meza moja na kuandika kifungu cha zabuni: kwamba mizani au mashine ya kupimia dhahabu itakayonunuliwa kwa matumizi ya masoko itakuja na msimbo wake, kwamba msimbo huo utachambuliwa kabla ya malipo ya mwisho, na kwamba kila toleo jipya la programu litarudi kuchambuliwa kabla halijaingizwa katika chombo kilichokwisha kupewa alama.

Kazi ianzie kwenye masoko ya Geita, Kahama na Shinyanga, ambako idadi ya vyombo inahesabika. Maofisa wachache wakipewa miezi sita, pamoja na wahitimu wa vyuo vikuu wanaozunguka na vyeti vyao wakitafuta kazi, wataweza kueleza ni vyombo vingapi vimekubali kusomwa, vimekutwa na dosari gani, na ni muuzaji yupi aliyezirekebisha. Muuzaji atakayekataa aambiwe mapema, kabla ya tangazo la zabuni kutoka, kwamba mizani yake haitaingia sokoni.