Mke mwenzangu ana magurudumu manne

WANAWAKE wenzangu hulalamika kwamba waume zao hawalali nyumbani. Wangu hulala nyumbani, ila kwa miaka minne mfululizo kila Jumamosi alikuwa akilala chali chini ya gari lisiloenda popote. Majirani zetu hapa Rongai walipoona miguu yake imechomoza chini ya mlango walikuwa wakiniuliza, "Mama, mgonjwa anaendeleaje?" nami sikujua kama wanaulizia gari au mume.

Leo, msomaji mpendwa, nataka tuzungumze juu ya uraibu huu wa kufufua magari ya zamani nyumbani, hasa magari ya mbio. Si jambo baya. Lakini ni jambo linaloweza kujenga nyumba au kuibomoa, na nimeyaona yote mawili nikiwa mlangoni mwa jikoni langu.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z, lililozinduliwa mwishoni mwa mwaka wa 1969. Lina boneti refu, viti viwili tu, na injini ya lita 2.4 yenye silinda sita zilizojipanga kwa mstari mmoja. Hapa kwetu halikupata sifa kwa urembo bali kwa vumbi na matope. Mwaka wa 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mashindano ya East African Safari wakiliendesha. Mwaka wa 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda tena nalo akiwa na Lofty Drews. Mwaka huo Mehta na Harry Källström walimaliza wakiwa na adhabu sawasawa, ikabidi ushindi apewe Mehta kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu. Waliokuwa watoto enzi hizo wanakumbuka jinsi walivyoshinda kando ya barabara wakati wa Pasaka wakisubiri magari yapite, kisha wakarudi nyumbani wakiwa wekundu kwa vumbi kuanzia nywele hadi kucha.

Mshahara uliogeuka gari

Baba mkwe wangu alikuwa makanika mjini Nakuru. Mapema miaka ya themanini mwajiri wake alifunga biashara na kuhama nchi, na badala ya kumlipa mishahara ya miezi mitano aliyokuwa akimdai, alimwachia gari hili pamoja na logibuku yake. Mzee aliliendesha kwa muda, likaharibika, akaliegesha chini ya mti akisubiri spea. Spea haikufika. Kuku wakahamia ndani.

Mzee alipofariki mwaka wa 2019, mashemeji zangu walitaka liuzwe kwa kilo kama chuma chakavu. Mume wangu ni mwalimu wa Fizikia na hakuwa amewahi kufungua injini yoyote, lakini alikataa katakata. Hapa nampa sifa yake: kabla ya kuligusa aliwakalisha ndugu zake, wakakubaliana mbele ya mama yao, kisha wakashughulikia karatasi za urithi ndipo logibuku ikabadilishwa jina. Nimejua familia zilizogombania gari baada ya mmoja kulitengeneza kwa fedha zake, wengine wakakumbuka ghafla kuwa nao ni warithi. Kwanza karatasi, halafu spana.

Basi mwaka wa 2020 likaletwa juu ya lori. Nilipofungua mlango, niliona nyasi za uani kupitia kwenye sakafu yake.

Rangi juu ya kidonda

Kosa letu la kwanza ndilo kosa la wengi: tulianza na rangi. Fundi mmoja alituahidi kwamba baada ya wiki tatu gari litang'aa kama jipya. Kweli, mapema mwaka wa 2021 lilirudi likiwa jekundu, likimeremeta, na mume wangu akapiga picha. Mvua ya masika ilipokuja, rangi ikaanza kufura mapovu kama ngozi iliyoungua. Mume wangu alipochokoa povu moja kwa bisibisi, bisibisi ikazama hadi mpini. Fundi hakuwa amekata kutu hata mahali pamoja. Alikuwa amejaza mashimo kwa pati na kupaka rangi juu.

Ndipo nikauliza fedha hizo zilitoka wapi. Nikajibiwa kwa kimya. Nikafungua bahasha ya karo ya kifungua mimba wetu, nayo ilikuwa nyepesi.

Sitaeleza yote yaliyosemwa usiku huo. Nitasema tu kwamba kijana alikaa nyumbani siku nane wenzake wakiwa darasani, na baba yake, ambaye kazi yake ni kufundisha watoto wa watu, hakuweza kumtazama machoni. Tangu siku hiyo tuna daftari. Karo kwanza, kisha kodi ya nyumba, chakula na mchango wa chama. Kinachobaki tunakigawa, na fungu la gari linaingia katika mkebe wake. Mkebe ukiwa mtupu, gari linangoja. Hakuna mkopo wa gari la kuchezea, na hakuna kitu kinachonunuliwa bila kuandikwa.

Kwa anayetaka kuanza, mpangilio wa kazi ni huu: chuma kwanza, breki pili, injini tatu, rangi mwisho kabisa. Kutu ndiyo ugonjwa wa magari haya. Katika 240Z itafute chini ya betri, ambako asidi hudondoka. Kwenye sakafu na nguzo zinazopita chini yake. Nyuma ya magurudumu ya mbele, ambako matope hukwama. Kwenye kizingiti chini ya mlango. Na pale gurudumu la akiba linapokaa. Chukua nyundo ndogo ugongegonge. Chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Palipooza pakatwe hadi chuma safi kionekane, kisha kichomelewe kipande kipya. Tulimpata fundi wa kuchomelea aliyekubali kuja kwetu siku moja moja, mume wangu akisimama karibu kuona kila kilichokatwa. Kazi hiyo ilikula karibu mwaka mzima wa mkebe wetu.

Jeki na kikombe cha chai

Jumamosi moja ya mwaka wa 2022 mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mume wangu alilipandisha gari kwa jeki moja juu ya nyasi, akaingia chini kufungua mabomba ya breki. Kijana wetu alikuwa amelala kando yake akimshikia tochi. Nikawaita waje wanywe chai ingali moto. Walikuwa wakinawa mikono kwenye karai niliposikia kishindo. Jeki ilikuwa imezama kwenye udongo laini, ikainama, na gari likakaa chini lote. Tochi ilikuwa imevunjika vipande viwili.

Hatukusema neno. Chai ilipoa mezani.

Kesho yake nilimwambia gari liuzwe. Mnunuzi alikuwepo, mtu wa mjini, na bei yake haikuwa ya kudharauliwa. Lakini mama mkwe alikuwa ametutembelea juma hilo, na mume wangu akamwendea akitumaini kwamba angelitetea gari la marehemu. Mama alitoka nje, akalitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Baba yako alilichukua gari hili badala ya mshahara. Mimi nilitaka shamba. Kulikuwa na ekari mbili zikiuzwa kule kwetu, na fedha zile zingetosha. Miaka arobaini nimelitazama likilala chini ya mti. Sasa, mwanangu, limalize au liuze. Lakini usilifanye banda la kuku tena."

Nilikuwa sijawahi kuyasikia hayo, na mume wangu vilevile. Alikaa juu ya jiwe hadi giza likaingia. Usiku akaniomba mwaka mmoja na nusu. Nikampa, kwa masharti: asiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Tulimwaga zege mahali pa kuegeshea, tukanunua stendi nne za chuma, na magurudumu yanayobaki chini huwekewa vigingi mbele na nyuma. Kabla mtu hajaingia, gari husukumwa kwa nguvu kuona kama litatikisika. Na hakuna kufanya kazi chini ya gari bila mtu mwingine uani. Msomaji, ukisahau mengine yote katika makala haya, hayo usiyasahau.

Injini iliyolala

Injini iliyolala miaka mingi haiamshwi kwa ufunguo. Ukilazimisha, pistoni zilizogandamana na kutu zitachubua silinda. Tulitoa plagi zote sita, tukamimina oili kidogo katika kila tundu, tukaiacha wiki mbili, kisha tukajaribu kuizungusha taratibu kwa spana ndefu. Siku ya tatu ya kujaribu ikasogea kidogo. Kijana wetu alipiga kelele hadi mbwa wa jirani akaanza kubweka.

Tangi la petroli lilioshwa, mipira yote ya mafuta na breki ikatupwa na kuwekwa mipya. Breki za gari hili ni za diski mbele na za ngoma nyuma, nazo tulizimaliza kabla injini haijanguruma, maana gari linaloweza kwenda lakini haliwezi kusimama ni balaa.

Mwanya wa valvu ulinishangaza. Ni milimita 0.20 kwa valvu za kuingiza na 0.25 kwa za kutoa, injini ikiwa baridi, na hupimwa kwa vibati vyembamba. Ziko kumi na mbili. Mtu hudhani injini isiyo na kelele ndiyo nzima, kumbe valvu iliyobanwa mno haifungi sawasawa nayo huungua. Mlio mdogo wa tiki-tiki ni dalili ya afya.

Mimi mwenyewe niliingia kazini kwa sababu ya kabureta. Ziko mbili, na ni lazima zivute hewa kwa kiasi kimoja. Fundi wa zamani huweka ncha ya mpira mwembamba kwenye mdomo wa kabureta na ncha nyingine sikioni, akasikiliza mvumo wa moja kisha wa nyingine. Mume wangu hawezi kutofautisha sauti hata kengele ya shule na ya kanisa. Mimi huimba sauti ya pili katika kwaya. Nilisikiliza, yeye akageuza skrubu nusu zamu, robo zamu, hadi mivumo miwili ikawa mmoja. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu tukicheka pamoja karibu na gari hilo.

Kulitunza

Gari kama hili likishapona halitaki kuachwa. Liendeshe kila baada ya wiki mbili, nusu saa angalau, injini ipate moto vizuri na kukausha unyevu. Badilisha oili kila mwaka hata kama hujaenda mbali, na mafuta ya breki kila miaka miwili, kwani hunyonya maji kutoka hewani. Kichwa cha injini ni cha aluminiamu juu ya bloku ya chuma, kwa hivyo usitie maji matupu ya bomba kwenye radieta. Tumia kulanti, na sindano ya joto ikipanda simama mara moja. Zibua matundu madogo yaliyo chini ya milango ili maji ya mvua yatoke. Wala usilifunike kwa karatasi ya plastiki ukidhani unalihifadhi, kwani unyevu hufungiwa humo na kutu ikafanya sherehe.

Pasaka ya mwaka wa 2024, mashindano ya Safari yalipokuwa yakiendelea Naivasha, mume wangu na kijana walikwenda nalo kutazama. Lina viti viwili, sisi ni watano, kwa hivyo mimi na wadogo tulipanda matatu. Hiyo ndiyo hasara ya gari la mbio katika nyumba ya watoto, na usiseme hukuambiwa.

Kutoka Naivasha tulikwenda Nakuru. Jumapili asubuhi mume wangu alimfungulia mama yake mlango. Kiti kiko chini mno, ikabidi tumshike mikono miwili kumkalisha. Walikwenda kanisani polepole, wazee wakisimama kando ya njia na kuvua kofia, maana wengine walilitambua. Waliporudi tulimshika tena kumtoa. Alilipapasa boneti, akafuta vumbi kwa ncha ya leso yake.

"Limetoka vizuri," akasema. "Baba yenu angefurahi. Lakini shamba lingekuwa na miparachichi mikubwa sasa."

Mume wangu hakujibu. Wiki iliyofuata niliona katika daftari kuna mkebe mpya umeandikwa: Shamba la Mama.

Jumapili njema.