Koala: Shoka lisitishwe kabla ya kukusanya maoni

NI jambo la busara kwa serikali kuwauliza wananchi maoni kabla ya kutenga msitu. Hata hivyo, yaliyojiri katika jimbo la New South Wales, Australia, ni ithibati kuwa maoni hayafai kitu iwapo miti inazidi kukatwa.

Mnamo 2020, kamati ya bunge la jimbo hilo ilionya kwamba koala, mnyama anayeishi juu ya mikaratusi na kula majani yake, angetoweka huko kabla ya 2050 iwapo hatua za dharura hazingechukuliwa. Februari 2022, serikali ya shirikisho ilimtaja miongoni mwa viumbe walio hatarini kuangamia katika jimbo hilo na Queensland.

Chama cha Leba, kilichotwaa mamlaka ya jimbo Machi 2023, kilikuwa kimeahidi hifadhi kubwa ya koala. Majopo matatu yakaundwa: la jamii, la wenyeji asilia na la sekta ya mbao. Mashauriano yakaendelea, na magogo yakaendelea kuangushwa katika sehemu kubwa ya msitu uliokuwa ukijadiliwa. Ukataji katika hekta 176,000 ulisitishwa Septemba 2025.

Wafanyakazi wa viwanda vya mbao nao wana hoja. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: si haki mkazi wa Sydney ashangilie hifadhi ilhali anayepoteza kibarua ni mtu wa kijijini. Fidia yao ndiyo iliyofaa kujadiliwa kwa utulivu, ukataji ukiwa umesimamishwa tangu siku ya kwanza.