Nunua stempu kwanza, anwani baadaye

Nina desturi ambayo wajukuu zangu wanaicheka: siandiki anwani mpaka niwe na stempu mkononi. Naenda posta na bahasha tupu, napanga foleni pamoja na watu wa vifurushi na wanaolipia masanduku yao, na nikifika dirishani namwomba binti anionyeshe alizonazo. "Mama, unatuma wapi?" Namwambia. "Basi hii inatosha." Namjibu kwamba najua inatosha, ila nataka kuziona zote, na kama zina wanyama nataka wale wanaotazama kushoto. Hapo foleni huanza kuguna.

Wacha wagune. Stempu inakaa pembe ya juu kulia. Mnyama anayetazama kushoto analitazama jina la mtu unayemwandikia. Anayetazama kulia anatoka nje ya bahasha, kama mgeni aliyechoshwa na mazungumzo.

Kununua stempu kwanza nimejifunza kwa hasara. Miaka kadhaa nyuma nilikaa jioni nzima na bahasha ya wifi yangu wa Mombasa. Jina lake nililiandika kwa herufi kubwa zenye kivuli, rangi ya kijani iliyokolea, nikabakiza nafasi ya stempu moja. Ofisi niliyokwenda, ambayo siitaji, ilikuwa imeishiwa stempu za bei kubwa. Karani akahesabu ndogo ndogo tano za twiga, akazilowesha, akazibandika mwenyewe kabla sijafungua mdomo: mbili kwenye nafasi niliyoiacha, tatu juu ya jina. Barua ilifika kwa kuwa namba ya sanduku ilisalimika. Wifi akanijibu: "Wifi, nimejijua kwa S.L.P. tu. Jina langu limeliwa na twiga."

Mtu akisikia kupamba bahasha, mawazo yanakimbilia mioyo, mishale na yale maneno tuliyokuwa tukiandika mgongoni mwa bahasha kumbembeleza mleta barua asilale njiani. Nami nimeyaandika, sikatai, nilikuwa na miaka 18. Ninachokitetea leo ni kitu kingine. Stempu ni picha iliyokwisha chorwa na fundi, ikachapwa, ikalipiwa. Ina rangi zake na herufi zake. Anayeandika anwani anakuja baada yake, na kazi yake ni kuitikia. Wengi wetu hatuitikii. Tunaburuta kalamu ya biki kama tunaosaini daftari la wageni, au tunabandika kijikaratasi kilichochapwa kompyuta, halafu tunasema stempu siku hizi hazina mvuto.

Mwanamke wa pwani hahitaji kufundishwa jambo hili, kwa kuwa analivaa. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Jina halitangitangi. Linakaa mahali pake, herufi kubwa zilizosimama, ukubwa wa kumwezesha jirani kulisoma mwenye kanga akipita. Sasa itazame bahasha ya ndege: pindo lake ni ile michirizi myekundu na ya buluu, mji ni ule weupe, stempu ni korosho la pembeni, na anwani ndiyo jina. Wifi yangu, ambaye kwao kanga ni leso, aliniambia hivyo mwaka 1975, nami sijapata maelezo mazuri zaidi.

Mwaka huo ndio aliponitumia bahasha iliyonibadilisha. Kenya ilikuwa na mfululizo wa stempu za makombe uliotolewa 1971, na mojawapo, ya senti tano, ilikuwa na kauri mwenye pete ya dhahabu mgongoni. Wifi aliibandika kujazia bei, pembeni ya nyingine kubwa. Kisha kwenye namba ya sanduku letu la Tanga, ambayo ina sifuri mbili, kila sifuri akaichora nene kwa wino wa kahawia na ndani yake akazungusha uzi mwembamba wa njano. Sifuri zikawa kauri. Hakuna ua wala moyo mahali pengine popote. Mume wangu alisoma barua, mimi nikabaki na bahasha.

Nikajibu kwa samaki. Tanzania tulikuwa na mfululizo wetu wa samaki wa 1967, wenye farasi wa baharini ambaye mkia wake umejikunja kama mkia wa herufi iliyoandikwa kwa raha. Nikaukunja mkia wa "g" ya Tanga vilevile. Kazi ilikuwa mbovu, herufi nyingine zilionekana zimekwenda bila ruhusa, lakini mchezo ulianza. Vipepeo vya 1973 vilinitesa sana, rangi nyingi mno. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulipofungwa 1977, ukaja kufunguliwa 1983, miaka hiyo wifi nilimwona kwenye bahasha tu. Kwa namna sifuri zake zilivyolegea nilijua ana homa kabla sijafungua gundi.

Tuna historia ndefu kuliko mimi na wifi. Stempu za kwanza za Zanzibar, mwaka 1895, zilikuwa za India zenye kichwa cha Malkia Victoria, zikagongwa jina la Zanzibar juu yake. Mpanga herufi akateleza, baadhi zikatoka zimeandikwa "Zanzidar". Herufi moja, na leo wakusanyaji wanatoa fedha nyingi kwa kosa kuliko kwa sahihi. Tena siku chache baada ya Mapinduzi ya 1964, stempu zenye picha ya Sultani ziligongwa kwa mkono maneno "JAMHURI 1964" na kuendelea kutumika. Nimewahi kuonyeshwa moja. Maneno yamekaa mshazari, wino haukulingana, unaona kabisa kwamba mgongaji alikuwa na haraka. Hakuna fundi aliyepanga yaelewane na picha iliyo chini yake, na kwa hiyo hayaelewani, na stempu inasema mambo mawili kwa wakati mmoja.

Kuandika kwa uzuri, nako, hatukuletewa na meli ya posta. Lamu ilikuwa na Muhamadi Kijuma, mshairi, mchonga milango na mwandishi wa hati za Kiarabu ambaye wataalamu wa Ulaya walimwendea awanakilie tendi za Kiswahili. Mkono ule ule ulichonga mbao na kunakili tendi. Na katika nchi za Kiarabu kulikuwa na watu walioandika juu ya barua tarakimu 8642, ambazo kwa hesabu ya abjadi ni herufi za neno "buduhu", wakiamini barua itafika salama. Mimi siamini tarakimu. Naamini wino usiochuruzika.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu walionisikia nikizungumzia jambo hili huniuliza inafanywaje, na wakijaribu wanakosea palepale.

Karatasi ya mistari mizito, iliyopigwa kwa rula na kalamu nene, unaiingiza ndani ya bahasha nyeupe. Mistari inaonekana kwa kupenya, unaandika juu yake, kisha unaichomoa. Hakuna penseli ya kufuta. Kwa bahasha ya kaki hilo haliwezekani, na kaki inataka wino mweupe au mweusi tii, rangi nyingine zote zinazama. Utepe wote wa juu uache wazi, kwa maana muhuri wa posta hugongwa kwenye stempu na kumwagikia kushoto. Ukiandika pale unampa karani lawama isiyo yake. Wino ujaribu kwa kidole kilicholowa mate kwenye kipande cha bahasha nyingine. Kama unaogopa mvua ya masika, sugua kipande cha mshumaa mweupe juu ya maandishi yaliyokauka. Biki ya kawaida haichuruziki, ndiyo sifa yake pekee.

Rangi ndiyo mtego. Mwanafunzi wangu wa kwanza, mjukuu, alichukua stempu ya ndege mwenye kifua chekundu akaandika anwani yote kwa nyekundu. Bahasha ikafanana na ilani ya deni. Chukua rangi ile ndogo, iliyo kwenye mdomo wa ndege au ukucha, uitumie mahali pamoja au pawili: nukta, mstari chini ya jina la mji, tumbo la herufi. Herufi zenyewe ziache nyeusi, au rangi iliyokolea sana. Kama stempu imejaa, mwandiko uwe mwepesi. Kama stempu ni tulivu, mlima au jengo, hapo herufi zinaweza kunenepa. Ukimaliza, iweke bahasha mbali hatua nne. Jina na sanduku visiposomeka hapo, umechora tu, hujaandika.

Kwenye hili nipo upande wa makarani na mashine zao. Nimeona bahasha zilizopambwa mpaka anwani imegeuka msitu, halafu mwenyewe anailaumu posta kwa kuchelewa. Wifi alipopata mtoto wa jicho nilipunguza mikia yote, nikaongeza ukubwa wa herufi. Alipokwisha pasuliwa aliniandikia kwamba miezi ile bahasha zangu ndizo alizozisoma peke yake, bila kumwita mtoto wa nyumba. Sifa nyingine sihitaji.

Anwani zetu, isitoshe, zinatusaidia. Ulaya anwani ina mambo matano: jina, namba ya nyumba, mtaa, msimbo, mji. Sisi kwa miaka yote tumeandika jina, S.L.P., mji. Mistari mitatu, fupi, yenye tarakimu katikati, rahisi kuipanga. Sasa tuna anwani za makazi na postikodi ya tarakimu tano, ile kazi iliyofanyika nchi nzima mwaka 2022, na kibao cha namba kiko mlangoni kwangu. Sina ugomvi nacho. Lakini anwani inaporefuka ndipo mpangilio unapohitajika zaidi, na tarakimu tano mfululizo ni kitu kizuri mikononi mwa mtu anayejua kuandika 2 yenye shingo.

Ataniambia mtu: mama, nani anaandika barua? Wachache. Lakini kadi za harusi tunagawana kila mwezi, zinachapwa kwa gharama, zinatiwa kwenye bahasha nzuri, kisha jina la mwalikwa linaparurwa kama kuku kapita. Jirani aliponiletea kadi 60 niziandikie, nilichukua rangi ya dhahabu ya ukingo wa kadi na kuitia kwenye herufi ya kwanza ya kila jina. Michango ilikuja kama kawaida, sisemi iliongezeka. Ila mpaka leo naziona bahasha hizo zimesimamishwa kwenye makabati ya watu ya sebuleni, kadi yenyewe imeshatupwa.

Nimefundisha mwandiko shule za msingi miaka 31, hivyo mnisamehe nikimalizia darasani. Mjukuu wangu wa darasa la sita ameandika barua za kirafiki zisizohesabika kwenye daftari. Anajua anwani inakaa wapi, tarehe inakaa wapi, na mwisho aandike "wako akupendaye". Hajawahi kuandika bahasha, wala kuonja gundi ya stempu. Barua zake zote zimesahihishwa na hakuna iliyokwenda popote.

Umoja wa Posta Duniani ulizaliwa Bern, Uswisi, tarehe 9 Oktoba 1874, na tarehe hiyo ndiyo Siku ya Posta Duniani. Inaangukia katikati ya muhula. Walimu wenzangu mlio kazini, shule yenu ina sanduku la posta. Wapelekeni watoto dirishani kwa zamu, kila mmoja achague stempu yake mwenyewe, na ninyi wenye dirisha muwatolee zote mlizonazo, si zile zilizo juu ya rundo. Warudi darasani waandike bahasha kwa kuitazama ile stempu: jina lake mwenyewe, S.L.P. ya shule, mji. Watumbukize. Baada ya siku chache zitarudi kwenye sanduku zikiwa na muhuri, na kila mtoto ataona kama "a" yake ilivumilia safari.