Wahesabiwe Kwanza, Wavuliwe Baadaye

Ziwa Wenatchee limebanwa katikati ya milima ya Cascade, jimbo la Washington, Marekani. Si ziwa kubwa. Urefu wake ni kilomita nane tu. Lakini mwaka wa neema, alfajiri ya Agosti, hujaa vyombo, na miongoni mwake kayaki nyembamba za plastiki, mtu mmojammoja ndani, kafi mkononi au pedali miguuni. Wote wamemfuata samoni mwekundu, sockeye kwa jina lake la huko.

Mwaka mwingine hakuna anayeruhusiwa kumgusa. Samaki huyu hana tarehe yake kwenye kalenda. Idara ya wanyamapori ya jimbo huhesabu kwanza wanaopita bwawa la Tumwater, mtoni, chini ya ziwa. Samaki 23,000 ni wa kuachwa watage. Kikionekana kilichozidi, ndipo uvuvi hufunguliwa, mara nyingi kwa taarifa ya siku chache tu. Wavuvi hunung'unika: mtu ataombaje likizo kazini namna hiyo?

Kero yao inaeleweka. Utaratibu wenyewe, hata hivyo, ndio sahihi.

Samoni huyu hufika ziwani baada ya safari ya zaidi ya kilomita 800 kutoka Bahari ya Pasifiki, akipanda ngazi za samaki katika mabwawa saba ya Mto Columbia, kuanzia Bonneville hadi Rock Island. Njiani hali chakula. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea baharini. Mwaka 2015 maji ya mto yalipata joto kupita kiasi, na takribani samoni wekundu 250,000 wakafa kabla ya kufika walikozaliwa. Kalenda iliyochapishwa Januari ingelijuaje hilo?

Na asiyekula, mbona aume ndoana? Hapo wavuvi hubishana hadi chai ipoe. Wengine husema ni hasira, wengine mazoea. Wanachokubaliana ni mwendo: polepole sana. Kibati kinachometa hutangulia, nyuma yake ndoana, pengine tupu kabisa, bila chambo. Mvuvi wa Pwani angeiita kurambaza, na angeona mara moja kwa nini kayaki inafaa. Injini kubwa hupata taabu kwenda taratibu hivyo. Miguu juu ya pedali haipati.

Ila kayaki haina huruma kwa mzembe. Mchana upepo hushuka kutoka milimani na kulichafua ziwa, na maji yatokanayo na theluji humlegeza mtu viungo upesi. Boya la kujiokolea huvaliwa mwilini. Likifungwa nyuma ya kiti halimsaidii aliyepinduka. Ndoana nazo lazima ziwe bila kijino cha kumzuia samaki asichomoke, kwa sababu ziwa hilohilo lina bull trout, samaki anayelindwa na sheria. Akinaswa, huachiwa akiwa bado majini.

Anayeona masharti haya ni mengi na autazame mfano wa Idaho. Huko, katika milima ya Sawtooth, lipo Redfish Lake, ziwa lililopewa jina kutokana na samoni hawahawa. Mwaka 1992 alirudi mmoja tu, dume, baada ya kilomita 1,450 na mabwawa manane. Watu walimwita Lonesome Larry, yaani Larry mpweke. Mabwawa yalichangia sana maangamizi hayo, wala si mvuvi wa ndoana aliyekuwa mshtakiwa mkuu. Lakini samaki wakishapunguzwa na zege na joto, mvuvi ndiye wa mwisho kwenye foleni, na hesabu ndiyo humwambia kama kuna kilichobaki.

Waliosalimika Wenatchee hubadilika kufikia Septemba: kichwa kijani, mwili mwekundu kama pilipili iliyoiva. Hupanda mito ya White na Little Wenatchee, hutaga kwenye changarawe, kisha hufa. Mizoga yao hurutubisha maji, na makinda hula vijidudu vya ziwani mwaka mmoja au miwili kabla ya kuteremka baharini. Wachache wao watapita tena Tumwater, safari hii wakihesabiwa, baada ya miaka minne hivi.