Monita Moja, Watu Wawili: Usikope Pesa Kabla Hujasoma Hii

Wasee, wacha niseme kitu ambacho wauzaji wa vifaa hawatapenda. Kama mnashare monita na picha ni mbaya, mara nyingi monita haina makosa. Makosa yako kwa vile mmeiunganisha.

Naongea kama mtu aliyelipia hilo somo.

Mimi na dadangu mdogo tunaishi kwa bedsitter moja. Monita ni moja, ya mtumba, inchi 22. Mchana ni yake, anasomea kozi yake, kwa sababu laptopu yake ilivunjika kioo na pesa ya kioo kipya hakuna. Usiku ni yangu, nahariri video. Niliacha chuo mwaka wa pili juu ya karo, kwa hivyo hiyo meza ndiyo ofisi yangu.

Monita iko na tundu moja la HDMI na moja la VGA. Dada alichukua HDMI, mimi nikabaki na VGA, na maandishi yangu yakawa na ukungu. VGA ni teknolojia ya analogi. Kebo ikiwa mbovu au ndefu sana, picha inalegea. Nikaenda tao kutafuta kisanduku cha kuunganisha mashine mbili kwa HDMI moja. Nikauziwa splita. Nafika home, haifanyi. Sikilizeni: splita hutoa picha ya mashine moja na kuipeleka kwa skrini kadhaa. Kama una mashine mbili na skrini moja, unataka swichi. Taja hilo neno ukifika dukani.

Swichi ikaja, maandishi yakanyooka. Lakini rangi! Nyeusi ilikuwa kijivu, kama suruali nyeusi iliyofuliwa mara mia. Nikasema monita imezeeka. Kwa hivyo kila video nikawa naitia giza kidogo ndiyo ikae poa kwangu. Nikamtumia mama mmoja wa saluni tangazo lake. Kidogo kidogo simu ikalia.

"Kijana wangu, mbona umeniweka gizani? Hata nywele za wateja hazionekani."

Nikaifungua kwa simu yangu. Alisema kweli. Salio hakulipa, na simlaumu.

Fundi mmoja akaniambia ninunue monita mpya. Nikafungua app ya mkopo, kidole kikiwa tayari juu ya kitufe. Ndipo dada akauliza swali ambalo ningepaswa kujiuliza wiki nzima: "Lakini kwangu nyeusi ni nyeusi. Si ni monita hiyo hiyo?"

Hapo nikafunga app.

Na hii ndiyo hoja yangu. Tunaona kushare monita ni aibu ya watu wasio na pesa, na hatuoni kwamba kushare kumetupa kipimo cha bure. Kama picha ya mashine moja ni safi na ya nyingine ni chafu, kwa skrini hiyo hiyo, basi skrini si mgonjwa. Tafuta ugonjwa kwa mashine au kwa kebo.

Kwangu ugonjwa ulikuwa huu: kompyuta ilidhani monita ni TV. Video za TV huhesabu mwangaza kutoka 16 hadi 235. Monita ya kompyuta hutarajia 0 hadi 255. Kwa hivyo nyeusi ya 16 ikionyeshwa bila kubadilishwa inaonekana kijivu. Nikaingia kwa setingi za kadi ya picha, nikapata imeandikwa Limited, nikabadilisha ikawa Full. Sekunde kumi, bila shilingi.

Dada naye alikuwa na shida yake, maandishi yanachosha macho. Laptopu yake, hata na kioo kilichovunjika, ilikuwa inatuma nakala ya skrini yake ya 1366 kwa 768. Monita ni ya 1920 kwa 1080. Nukta za laptopu ni karibu nusu tu, kwa hivyo monita inazinyoosha mpaka zijae, na hapo ndipo ukungu unatoka. Tulibonyeza kitufe cha Windows na P, tukachagua skrini ya pili pekee, kisha tukaweka 1920 kwa 1080. Kwisha.

Kama mnatumia TV, angalia kama kingo za picha zimekatwa. TV nyingi hukuza picha kidogo bila kukuuliza. Tafuta kwa menyu ya ukubwa wa picha pale pa kuzima hiyo tabia. Na chochote unachobadilisha, badilisha kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua ni nini kilisaidia.

Sisemi monita hazifi. Zinafa. Nikisikia mashine zote mbili zinaonyesha ubaya ule ule, hata baada ya kubadilisha kebo, nitaamini. Lakini mkopo wa kununua kitu ulicho nacho tayari ni ujinga tunaouita upgrade.

Yule mama wa saluni nilimrekebishia video bure. Hajalipa bado. Lakini wiki jana alinitumia namba ya rafiki yake mwenye duka la nguo. Safari hii, kabla nitume kitu, naangalia kwanza kwa simu mbili.

Na kwenu, nani analaumiwa bure: monita ama kebo?