Kidonge Ambacho Faida Yake Haihisiwi



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, mama zetu na dada zetu, wiki hii tuyazungumze maradhi yaliyomo ndani ya nyumba zetu hapa Magongo, ila aghalabu hayatajwi kwa jina lake. Mtu ameketi akichagua mchele, mara moyo unaanza kwenda mbio, unaruka, unasita, kisha unarudi kwa kishindo. Hali hiyo hudumu dakika chache, au saa kadhaa, au siku nzima, halafu hutulia. Huyu husema ni gesi, yule husema ni huzuni, na wengine huita mwalimu aje asome kwa kuwa wameshakata shauri kuwa ni pepo.

Moyo una vyumba vinne. Katika maradhi haya vyumba viwili vya juu huacha kujikunja kwa pamoja, vikawa vinatetemeka tu, na vile vya chini hupokea amri ovyo ovyo. Ndiyo maana ukishika kifundo cha mkono wa mgonjwa hupati mpangilio wowote katika mapigo yake. Kipimo cha umeme wa moyo, kile kiitwacho ECG, ndicho kinachothibitisha, na inafaa kifanywe wakati hali yenyewe ipo. Kwa wazee sababu huwa mara nyingi ni shinikizo la damu la miaka mingi. Pengine ni tezi ya shingo. Ama kwa wanawake vijana wa nchi zetu, sababu kubwa ni nyingine: maumivu ya koo ya utotoni yasiyotibiwa, yaliyozaa homa ya baridi yabisi, nayo homa ikaharibu mlango mdogo ulio baina ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo. Mtoto alipona koo, mama akasahau, na baada ya miaka 15 au 20 ndipo moyo unapodai. Jambo hili lina uzito kiasi kwamba mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulilipitishia azimio.

Mgonjwa wa maradhi haya aghalabu hupewa dawa za aina mbili, na hapa ndipo penye kusudio langu. Aina ya kwanza hupunguza kasi ya moyo, kama vile bisoprololi, atenololi au digoksini. Aina ya pili huzuia damu isigande, na inayojulikana zaidi ni wafarini. Ya kwanza mtu huiona kazi yake: ameimeza, moyo umetulia, amelala. Ya pili haihisiwi kabisa. Haiondoi mpigo, haiondoi uchovu, na juu ya hayo inamtaka mgonjwa aende kupimwa damu mara kwa mara. Basi nyumba ikibanwa na matumizi, au safari ya kliniki ikionekana ndefu, kinachoachwa ni hicho cha pili.

Nacho ndicho chenye kumlinda na balaa kubwa zaidi. Damu ikituama katika chumba kinachotetemeka huganda, na kipande kidogo kikichomoka hupanda hadi kwenye ubongo. Hicho ndicho kiharusi. Mwenye maradhi haya yumo katika hatari ya kiharusi takriban mara 5 kuliko asiyekuwa nayo, na aliyeharibika mlango wa moyo kwa homa ya baridi yabisi hatari yake imezidi hapo. Nimewazuru katika mitaa hii wagonjwa waliopooza upande mmoja, na watu wa nyumbani wakanionyesha pakiti ya dawa ya moyo iliyokwisha vizuri, na pembeni yake pakiti ya wafarini iliyojaa.

Wako wanaoiacha kwa kuambiwa na jirani kwamba hiyo ni sumu ya panya. Jirani hakusema uongo, ila hakumaliza maneno. Wafarini iligunduliwa Marekani, na ilianza kuuzwa kuulia panya mwaka 1948. Tangu mwaka 1954 ikaidhinishwa kutibu wanadamu, kwa kiasi kidogo kinachopimwa. Kipimo chake huitwa INR, na kwa wengi wa wagonjwa hawa hutakiwa kiwe baina ya 2 na 3. Chini ya hapo damu huganda, juu ya hapo huvuja. Vipo vidonge vipya visivyohitaji kipimo hicho, na wenye uwezo huvitamani. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofanywa katika nchi 24 kwa watu 4,531 wenye moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, ulikuta waliotumia dawa za jamii ya wafarini walikufa wachache kuliko waliopewa kimoja katika vidonge hivyo vipya. Basi asibadilishe mtu dawa kwa kumuiga shoga yake.

Hali ikimshika mtu nyumbani, aketi, apumue polepole, na mwenzake amhesabie mapigo ya mkono kwa dakika nzima kwa saa, yaandikwe pamoja na wakati yalipoanza. Anywe dawa yake kama daktari alivyomwandikia, wala asiongeze kidonge cha pili kwa sababu cha kwanza kimechelewa. Katika nchi nyingine wapo wagonjwa waliopewa kidonge maalumu cha kumeza pale tu hali inapoanza. Hao ni watu ambao mioyo yao haina kasoro ya umbile, na aghalabu dawa hiyo hujaribiwa kwao kwanza hospitalini. Asiyeambiwa hivyo na daktari wake, hilo si lake. Na yakija maumivu ya kifua, kuzirai, pumzi kukatika, mdomo kwenda upande, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, hapo hakuna kungoja asubuhi wala kungoja mume arudi kazini. Itafutwe gari au tuktuk saa hiyo hiyo, iwe ni Port Reitz au ng'ambo ya Makupa kwenye Hospitali Kuu ya Pwani.

Kuhusu kisomo na kombe, sina la kuwakataza wanaotafuta shifaa kwa maneno ya Mwenyezi Mungu. Lakini msomaji anayemwambia mgonjwa aache vidonge kwanza ili kisomo kifanye kazi amevuka mpaka wake. Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha waja wa Mwenyezi Mungu watafute matibabu, kama alivyopokea Usama bin Sharik, na hakuweka sharti hilo.

Ramadhani ina mazingatio yake. Wafarini hunywewa mara moja kwa siku, na wengi hupangiwa jioni, kwa hiyo baada ya futari ni wakati wake. Dawa ya mara mbili huweza kuwekwa futari na daku, ikiwa daktari ameridhia. Kisichosemwa ni kwamba meza zetu hubadilika mwezi ule: mchicha, kisamvu na sukuma wiki huondoka, vikaja kaimati, mihogo na viazi vya nazi. Mboga za majani zina vitamini K, ambayo huipunguza nguvu wafarini. Zikitoweka ghafla, dawa ile ile huwa kali zaidi mwilini. Hakuna anayetakiwa kuziacha, bali azile kwa kiasi kilicho sawa mwaka mzima, na apime INR katika juma la kwanza au la pili la mfungo. Ambaye daktari mwaminifu amemwambia kwamba kufunga kutamdhuru, ruhusa yake imo katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na ya 185. Atalipa akipata afya. Na asiyetarajiwa kupona, kila siku atatoa kibaba cha chakula kwa masikini. Kuichukua ruhusa ya Mola si upungufu wa imani, na mama mkwe asimnunie mke wa mwanawe kwa hilo.

Anayetumia wafarini pia asijinywee habasoda, kitunguu saumu au tangawizi kwa vipimo vya dawa bila ya kusema kliniki, wala asimeze aspirini au diklofenaki za dukani kwa maumivu ya mgongo. Kuumikwa ni sunna njema kwa aliye mzima. Kwa mwenye damu iliyofanywa nyepesi ni jeraha ambalo damu yake huenda isisimame. Na muguka (serikali ya kaunti yetu ilijaribu kuipiga marufuku mwezi wa Mei 2024, mahakama ikasimamisha amri) huuchochea moyo mbio, basi aliye na maradhi haya na aiache pasi na kungoja mahakama.

Limebaki swali ambalo wanawake huliuliza kwa sauti ndogo. Dawa hii huweza kuzidisha damu ya mwezi. Ikiwa nyingi kuliko ada, aende kliniki bila haya, maana huenda INR imepanda. Katika madhehebu yetu ya Shafi, ikipita siku 15 hiyo ni istihadha, na humpasa kuoga, kujihifadhi, kutawadha kwa kila faradhi na kusali. Upambanuzi wa siku zake amuulize mwenye elimu.

Ama mimba, wafarini humdhuru mtoto tumboni, hasa baina ya wiki ya 6 na ya 12. Kwa hiyo mwanamke amwambie daktari kabla ya kushika mimba, au siku ile ile anapokosa siku zake. Asiiache dawa kimya kimya, kwani yeye mwenyewe atabaki bila kinga. Kwa kunyonyesha, wafarini haina ubaya. Badala yake katika miezi ya mwanzo madaktari wengi hutoa sindano za heparini, na hizo kwa kawaida hutengenezwa kutokana na utumbo wa nguruwe. Nimesikia wake waliozikataa kwa kumcha Mungu, na nia yao naiheshimu. Lakini suala hili lilitazamwa Makka, katika kikao cha 17 cha Baraza la Fiqhi la Rabita mwezi wa Desemba 2003, na maulamaa wakaruhusu heparini hiyo ya kisasa pale ambapo haipatikani badala ya halali yenye kutosheleza matibabu, bila ya kupita kiasi cha haja. Basi mwenye mimba aliyeandikiwa sindano hiyo aichome, na hana dhambi.

Wallahu aalam.